"Mathe, kwani leo ni Krismasi?"

Alhamisi moja ya mwezi Machi, mwendo wa saa moja unusu jioni, tulishuka karibu na mzunguko wa Globe hapa Nairobi tukiwa watu watano. Tulikuwa na chupa tatu za chai ya maziwa, na maandazi ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa leso. Kijana mmoja aliyeketi juu ya gunia lake la plastiki alinipima kwa macho kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akauliza, "Mathe, kwani leo ni Krismasi?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, ila ndani ya matatu ya kurudi Buruburu swali lile lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kijana yule alikuwa ameisoma kalenda yetu akaielewa kuliko sisi wenyewe. Desemba watu wa makanisa hufika pale kwa magari, wamevaa fulana za rangi moja, wana mikate na soda na mtu wa kamera. Wanaimba, wanaomba, wanapiga picha, wanaondoka. Januari ikiingia, mgeni pekee asiyekosa kufika kwenye beisi, kijiwe chao, ni kanjo, askari wa jiji, na rungu lake.

Huu ni mwaka wa nne tangu jioni hiyo. Sina shirika, na kanisani sina cheo zaidi ya kuwa mwanakwaya wa sauti ya pili asiyejua kusoma nota. Haya ni maoni ya mbeba chai, na ninawaandikia hasa Wakristo wenzangu: mikate tunayowapelekea watu wa mitaani inatosha. Tunachokosa ni kurudi.

Mfano wa Msamaria mwema tumeuhubiri mpaka watoto wa shule ya Jumapili wanauigiza bila kitabu. Kuhani akapita kando, Mlawi akapita kando, Msamaria akaona huruma, mafuta, divai, punda. Mara nyingi hapo ndipo tunapotia Amina. Lakini Luka hajamaliza. Siku ya pili yake Msamaria anatoa dinari mbili, na dinari moja siku hizo ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa, anampa mwenye nyumba ya wageni na kumwambia kwamba gharama yoyote itakayozidi, "mimi nitakaporudi nitakulipa." Mtu huyo alikuwa safarini, bila shaka na shughuli zake zikimngoja, ila tayari alishapanga kupita tena njia ile. Mafuta na divai mtu yeyote mwenye moyo laini angemwaga. Hilo la kurudi ndilo linalonisumbua, maana linataka siku yake ndani ya juma langu.

Miezi miwili ya kwanza walikunywa chai yetu wakatupa migongo. Mwezi uliofuata mvua ilinyesha Alhamisi nzima, tukafika wawili tu, tumelowa chepechepe, maandazi yamegeuka uji. Usiku huo ndipo kijana wa Krismasi aliponiambia jina lake. Sitaliandika hapa. Alinipa mimi, hakuwapa wasomaji.

Jina si jambo dogo pale. Mtaani wote wanaitwa chokoraa, neno litokanalo na kuchokora, kutia kijiti ndani ya takataka ukitafuta chochote. Ukiliangalia vizuri ni jina la kazi tu, kama fundi au mchuuzi, na kazi yenyewe ina faida kwa mji, maana chupa na vyuma tunavyotupa sisi wao ndio wanaovirudisha kwenye mizani. Lakini fundi ukimwita fundi anageuka akitabasamu. Chokoraa ukimwita hivyo umemtukana, na kwa kawaida ndivyo ulivyokusudia.

Katika Marko sura ya tano kuna mtu aliyeishi makaburini, akilia usiku na mchana na kujikata kwa mawe, aliyeshindikana hata kwa minyororo. Yesu anamwuliza, "Jina lako nani?" Najua wachungaji watanikumbusha kwamba swali lilielekezwa kwa pepo. Sawa. Lakini katika simulizi lile, kabla ya hapo hatusikii mtu akimwuliza yeye wala pepo wake kitu chochote, tunasikia habari za pingu tu. Kisha wenyeji wanakuja, wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na badala ya kushangilia wanamsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Nguruwe wapata elfu mbili walikuwa wamezama.

Sisi pia tunajua kuhesabu nguruwe. Februari 2019 watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walipakiwa usiku wakaenda kutupwa katika msitu wa Chemususu, Baringo. Na kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, nchi nzima tuliambiwa tukae nyumbani. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilikuwa imehesabu watu 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa hapa Nairobi. Sikumbuki mahubiri hata moja ya mtandaoni, na mwaka ule niliyasikiliza mengi, yaliyouliza watu hao wangekaa nyumbani kwa nani.

Nirudi kwenye chai, maana hapo nasi tuna madhambi yetu. Mara ya kwanza kabisa kufika pale na kikundi cha kanisa, miaka mingi kabla ya hiyo Alhamisi, mhubiri alisimama akahubiri dakika arubaini huku chupa zimefungwa. Watu walisimama kimya na vikombe vyao vya plastiki. Chai ilipofunguliwa ilikuwa vuguvugu, na mzee mmoja akanong'ona karibu na sikio langu, "Amina zetu zilikuwa za mkate." Yakobo anamshangaa mtu anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba. Sisi tulipita hapo. Tulimsimamisha mwenye njaa akatusikiliza tukimwambia hivyo. Siku hizi tunamimina kwanza. Anayetaka kuzungumza habari za Mungu atauliza mwenyewe, na nashangaa ni wangapi huuliza, tena maswali magumu kuliko ya darasa la kipaimara.

Badala ya kuhubiri tulijifunza kuuliza. Bartimayo alikuwa kipofu, kila mtu pale Yeriko aliona anachohitaji, na bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Tulipoanza kuuliza hivyo majibu yalituumbua. Sisi tulikuwa tumewaza mablanketi. Mmoja alitaka sindano na uzi mweusi ashone suruali. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi sita alitaka kujua ni wapi angeweza kuoga bila kulipa na bila kuchunguliwa. Na vijana, karibu kila aliyevuka miaka kumi na minane, walitaka kitambulisho.

Hapa ndipo nilipojua sijui kitu. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa, kwa hiyo kijana anayeuza vyuma lazima apokelewe pesa na mtu mwingine ambaye atakata chake. Huwezi kuandikwa kazi. Hospitalini kujisajili ni kizungumkuti. Na ili ukipate, lazima uonyeshe cheti cha kuzaliwa au vitambulisho vya wazazi, na ujulikane kwa chifu. Sasa chukua kijana aliyezaliwa mtaani, mama alishafariki, baba hamjui. "Mathe, chifu akiniuliza natoka wapi, niseme Globe?" Aliuliza akicheka, lakini hilo ndilo swali lenyewe.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja wa kanisa letu, karani mstaafu, mtu ambaye hajawahi kusimama mimbarini wala kuombwa ushuhuda. Karama yake ni kujua dirisha gani linafunguliwa saa ngapi na barua gani hutangulia ipi. Alikwenda na kijana huyo mara tano, miezi saba, kwa nauli yake mwenyewe. Walipopata kile kipande walikipiga picha moja tu, ya kutunza namba kisije kikapotea. Mimi nikisikia neno huduma siku hizi namwona mzee huyo na bahasha yake ya kaki, amepanga foleni.

Halafu kuna wale wanaonijibu kwamba nawazoeza, na kwamba ukiwapa hela watanunua gundi ya kunusa. Kweli, baadhi watanunua. Mimi sitoi pesa taslimu, ingawa simlaumu anayetoa. Ila gundi tuielewe kwanza. Inaua njaa na inaua baridi, na Julai ya Nairobi juu ya katoni si mchezo. Mtoto mmoja alinieleza kama anayemwelekeza mgeni dukani: ile chupa ni chakula cha jioni na blanketi kwa pamoja, tena bei yake ni chini ya vyote viwili. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kikombe changu cha chai hakiishindi, na sijidanganyi.

Wapo waliolijua hili zamani. Padri Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 baada ya kuwazoea wale vijana walioitwa parking boys, waliokuwa wakielekeza magari mjini ili wapate senti. Kazi hiyo haikukomea barabarani. Ilifuata njia ya watoto kurudi nyuma hadi vijiji vya mabanda walikotoka, mpaka ikaingia kwenye shule na hata ujenzi wa nyumba za bei nafuu kule Kitui, Kinyago na Kanuku, upande wa Pumwani. Ukirudi mahali mara nyingi vya kutosha, mwishowe unaanza kuona mto unakotoka. Hata serikali sasa inakubali hivyo: mkakati wa marekebisho ya malezi wa mwaka 2022 unataka watoto watoke kwenye makao ya kulelea watoto waende kwenye familia. Nauunga mkono, ingawa najua makanisa mengi yanapenda makao kwa kuwa yana lango la kupakwa rangi na ukuta wa kuandikwa majina ya wafadhili.

Kurudi nyumbani nako kuna miiba. Yule wa makaburini aliomba afuatane na Yesu, akakataliwa, akaambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao. Nasi tulimsindikiza kijana wetu wa Krismasi hadi kwa nyanya yake, Murang'a, tukiwa na unga, sukari na furaha nyingi. Baada ya mwezi mmoja nikamkuta Globe, juu ya gunia. Nilikasirika, nakiri, nikamwuliza kama anajua nauli ile ilitoka wapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mathe, kule wananiita chokoraa. Hapa wananiita jina langu." Mwaka uliofuata alijaribu tena. Mara ya mwisho kupiga simu kwa jirani wa nyanya alikuwa bado yuko, anachunga ng'ombe wa watu. Sijui wiki hii.

Lipo moja ambalo ningependa kuliruka. Kabla hajarudi Murang'a mara ya pili, alikuja kanisani kwetu Jumapili na wenzake wawili. Walikuwa wameoga, nadhani mtoni, maana nywele zilikuwa bado mbichi. Mhudumu wa mlangoni aliwatazama, akawapeleka nyuma ya nguzo karibu na choo, na viti viwili vya jirani vikahamwa. Ni Yakobo tena, sura ya pili, neno kwa neno, "simama wewe pale." Mhudumu huyo nilimnung'unikia mwezi mzima. Lakini mimi nilikuwa mbele, ndani ya joho langu la kwaya, hatua ishirini kutoka pale. Niliona yote. Nikafungua mdomo nikaimba ubeti wa tatu.

Nilipomwomba kijana msamaha Alhamisi iliyofuata alisema haikuwa neno, nyuma ya nguzo hakukuwa na upepo. Kisha akaniuliza kwa nini tunaimba tumefumba macho.

Tangu hapo akija mtu wa beisi naketi naye, kwaya wajue wenyewe. Mwalimu wa kwaya ameshaanza kulalamika kwamba sauti ya pili imepungua, na ana haki.

Tumebaki watatu wa kila Alhamisi, na wawili wa kuja na kwenda. Sukari imepanda, kwa hiyo chai imepungua utamu na wameshatuambia. Wiki jana kijana mmoja mgeni, aliyekuja kutoka upande wa Gikomba, aliulizwa anataka nini akafikiri sana, akasema kikata kucha. Kesho ndiyo Alhamisi, na bado sijakinunua.