Chakula cha Kuku

Shule yetu ilikuwa kando ya Jogoo Road, Nairobi, na shamba la somo la Kilimo lilikuwa kipande cha ardhi nyuma ya vyoo. Udongo wenyewe ule mweusi wa Eastlands: ukinyeshewa unang'ang'ania kiatu, ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kalamu. Kidato cha nne kila mtu alipewa tuta lake la mradi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na zao lilikuwa kabichi. Nafasi sentimita 60 kwa 60. Mimi nilipima kwa rula, kama fundi cherehani.

Kabichi zikakataa kunenepa. Jirani yangu wa tuta la pili, mtu ambaye darasani alikuwa analala hadi anakoroma, zake zilikuwa zinameremeta. Roho ikaniuma.

Shangazi yangu wa Kayole alikuwa anafuga kuku. Jumatatu alfajiri, mwishoni mwa Machi, nilitoka kwake na nusu gunia la mbolea, mbichi kabisa, imekwanguliwa bandani jana yake. Mvua ikanishika nikiwa stejini. Gunia likalowa.

"Hiyo ni nini?" konda akauliza.

"Chakula cha kuku."

Haukuwa uongo mtupu. Kilikuwa chakula cha kuku, ila kilikuwa kimeshapita ndani ya kuku.

Akanitoza nauli ya watu wawili, gunia likaketi miguuni pangu. Madirisha yote yalifungwa kwa sababu ya mvua. Sasa, kinyesi cha kuku kina naitrojeni nyingi, na kikipata unyevu na joto kinatoa amonia. Hilo nilikuwa nimelisoma na kulipatia alama mbili kwenye mtihani. Sikuwahi kulisoma nikiwa nimebanwa na watu kumi na wanne.

Tulipofika Masimba, mzee mmoja alianza kupangusa macho. Mtoto akamwambia mamake, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, "Mama, kuna mtu amejikojolea." Watu wakatazamana. Mimi nikatazama dirisha lenye ukungu kana kwamba naona mandhari.

Ningeponea hapo, lakini mama aliyeketi kando yangu alikuwa mfugaji.

"Kijana, hicho chakula ni cha kuku wa mayai ama wa nyama?"

"Wa mayai, mama."

"Unanunua wapi? Changu siku hizi ni vumbi tupu. Hebu nione."

Kabla sijafungua mdomo, mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Nilimwona akikibonyeza, akikipima kwa vidole jinsi wafugaji wanavyofanya. Kisha akanyamaza. Akautoa mkono polepole. Unyoya mmoja mweupe ulikuwa umenata kwenye pete yake.

Yaliyosemwa baada ya hapo siwezi kuyaandika. Mama yule alikuwa na msamiati. Nilishushwa Donholm na gunia langu, nauli haikurudishwa, nikatembea hadi shuleni nimelibeba begani huku maji ya kahawia yakinitiririka mgongoni. Langoni bawabu alinipungia mkono akiwa mbali. Siku zote huwa anatukagua mifuko.

Asubuhi hiyo hiyo nikajaza mbolea kwenye mashina, viganja viwili kila kabichi. Mwalimu alikuwa ametuambia mara mia tutumie mbolea iliyooza vizuri, tena kwenye daftari langu sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari kwa wino mwekundu. Lakini kuoza kunachukua miezi, na jirani yangu wa tuta alikuwa haningojei.

Ijumaa kabichi zote zilikuwa zimeungua, majani kahawia pembeni kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Mwalimu akaja na faili lake la alama. Akachuchumaa, akanusa, akajitoa nyuma hatua mbili.

"Wewe. Umeweka nini hapa?"

Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Chakula cha kuku, mwalimu."