Nyuzi 38

Mimi nimelelewa na beseni. Unachemsha maji, unachanganya na baridi, unatumbukiza kidole, kidole kinatoa ripoti, unaoga. Sijawahi kuita fundi wa beseni. Sasa tumehamia nyumba moja South B, na mwenye nyumba ameweka bomba la mvua lenye valvu ya kujiamulia joto. "Weka 38, yatakuja nyuzi 38," aliniambia kama anayeniuzia ng'ombe.

Julai ikaingia. Julai ya Nairobi mnaijua. Nikasimama pale asubuhi, sabuni machoni, mpini uko 38: yakaja vuguvugu, yakaja ya barafu, kisha yakaja ya kunyonyolea kuku. Nikarukia pazia, pazia nalo likanifuata chini.

Fundi wa kwanza alitazama dari, akasema "ni presha," akachukua mia tano. Mia tano kwa neno moja! Wa pili akataka tubadilishe hita. Nikamwuliza, mbona mfereji wa jikoni unatoa maji moto bila kusitasita, na hita ni hiyo hiyo? Akanyamaza, akaomba nauli.

Wa tatu ndiye aliyekuwa fundi. Alifunga maji, akafungua mpini, akachomoa kidude kinene kama kidole gumba. Katriji. Ndani yake, anasema, kuna nta. Nta! Maji yakizidi moto inavimba, inasukuma pistoni ibane njia ya maji moto; yakipoa inanywea, njia inafunguka. Vichujio vilikuwa vimejaa mchanga wa tangi. Tukaviosha, katriji tukairoweka kwenye siki usiku kucha, bafu likanuka kachumbari. Kesho yake, yale yale. "Nta imezeeka, mzee. Haisikii joto tena." Nikamwambia hata mimi.

Kirinyaga Road nimeenda mara tatu kutafuta katriji mpya. Ya kwanza haikuingia, ya pili ilikuwa fupi. Kumbe kila kampuni ina katriji yake na meno yake! Safari ya tatu nikabeba ile kuukuu mfukoni, muuzaji akazisimamisha bega kwa bega, akayahesabu meno, akanikamua elfu sita.

Ikaingia. Maji yakatulia kama maji ya mtungi. Ila fundi alirudisha mpini bila kupima maji kwa kipimajoto, kwa hiyo namba zimepishana: joto la binadamu liko kwenye 30, na ukienda 38 umejitakia. Nampigia kila siku, kila siku yuko njiani. Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikatia alama nyekundu pale kwenye 30.

Jumamosi mama mkwe akatua kutoka Machakos. Mke wangu katoka kwenda sokoni. Mara nasikia mlango wa bafu unafungwa. Sasa mimi, mkwe mtu, nisimame wapi nimweleze mama mkwe mambo ya kuoga? Nikamtuma kijana wangu wa miaka sita: "Kimbia, mwambie nyanya asitumie 38, atumie alama nyekundu."

Akakimbia. Akagonga.

"Nyanya! Baba amesema usioge!"

Kimya. Kisha nikasikia simu ikipigwa humo ndani, sauti ya chini, ya heshima zake: "Mwanangu, kwani huku kwenu maji mnanunua?"