Anayelalamikia fukuto la jimu sio legelege

Ukiingia msimu wa kaskazi ubishi ni ule ule kwenye jimu zetu za Ngamiani na Makorora hapa Tanga, mtu akisema tu jamani humu ndani hakukaliki anaambiwa legelege, mtoto wa mayai, nenda kafanyie mazoezi kwenye AC huko hotelini. Na wanaosema hivyo wana hoja zao. AC inakula umeme, luku inanunuliwa na ada hizi hizi tunazolipa, AC ikiwekwa ada inapanda na dereva bodaboda anabaki nje. Halafu joto mwili unalizoea kweli, ukienda taratibu wiki moja hadi mbili jasho linaanza kutoka mapema, chumvi inayotoka nalo inapungua, moyo nao hauendi mbio kama siku za mwanzo.

Ila kuna kitu hawakielewi kabisa, nacho ni jasho lenyewe. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ikikauka yote inaondoka na joto la kilokalori kama 580, ni joto jingi sana hilo, lakini lita hiyo hiyo ikidondoka sakafuni au ikakamuliwa kwenye fulana umepoteza maji na chumvi na joto umebaki nalo. Sasa Tanga bahari iko hapo, hewa imeshabeba mvuke mwingi kabla hata hujafungua mlango, halafu waweke watu thelathini saa kumi na mbili jioni kwenye chumba chenye madirisha mawili na moja limezibwa na kioo cha kujitazamia, kila mtu anahema, kila mtu anatiririka, jasho litakauka liende wapi? Chini ya benchi pana kidimbwi, chuma kinateleza mkononi, na mtu anakionyesha kile kidimbwi kwa fahari kwamba leo tizi limekolea. Kile ni jasho ambalo halijafanya kazi yake. Na robo tatu au zaidi ya nguvu inayochomwa na misuli inageuka joto, kwahiyo kadri anavyojikaza ndio anazidi kujipika.

Watu wanasema mbona wanariadha wanakimbia juani. Haya, 2019 kule Doha, mashindano ya dunia, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu saa sita usiku makusudi kukwepa joto, bado ikawa nyuzi kama 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68 wakamaliza 40. Hao ni wakimbiaji waliojiandaa miezi na miezi, na walikuwa barabarani nje, sio wamebanana chumbani. Hali hiyo haiko mbali na Februari yetu hapa, halafu unamwita legelege fundi cherehani aliyetoka kazini akaja kupunguza kitambi?

Na wale wanaojifunga nailoni tumboni ndio wananisikitisha zaidi, lita moja ya jasho ni kilo moja kwenye mizani, akinywa maji kilo imerudi, mafuta yako pale pale.

AC mimi siidai. Feni mbili kubwa zinazovuta hewa kutoka dirisha hadi dirisha zinatosha kwa sehemu kubwa, maana hewa yetu hata mchana mara nyingi joto lake ni dogo kuliko la ngozi, ikipita mwilini jasho linakauka zaidi. Kile kioo kihamishiwe ukutani, na watu wagawanywe wengine waje alfajiri badala ya wote kujazana jioni, hivyo havipandishi ada. Na mtu akisema kichwa kinamgonga, anasikia kichefuchefu au vinyweleo vinamsimama kama ana baridi wakati chumba kinawaka, asiambiwe amalizie seti, atolewe nje amwagiwe maji apepewe, akianza kuongea asivyoeleweka hapo ni hospitali haraka huku mnaendelea kummwagia.