Kazi ya kanga inataka pamba

Ukiingia duka la kanga siku hizi, kinachotandikwa kwanza mbele yako ni zile zinazong'aa. Rangi zimekolea, hazichuji, hazitaki pasi, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Hizo ni za poliesta. Zina pindo, zina mji, zina jina limeandikwa vizuri, lakini kazi ya kanga haziiwezi, na inaniuma kuona zinavyozoeleka.

Kanga ya pamba ni kitambaa chepesi, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kimefumwa kwa mfumo rahisi kabisa: uzi juu, uzi chini. Ikiwa mpya inakakamaa kwa wanga wa kiwandani. Ukiifua mara ya kwanza inaachia wanga na rangi kidogo, halafu kila ukifua inazidi kulainika. Ndiyo maana mjamzito anayejiandaa kwenda kujifungua hafungashi doti mpya tu. Anatafuta na zile kuukuu, zilizofuliwa zikalegea. Ya kutandika inanyonya, nyingine anafutiwa mtoto, na nyingine kavu anafunikwa, maana kichanga akiachwa na umajimaji mwilini anapoteza joto upesi. Poliesta hapo itamfaa nini? Haifyonzi. Utafuta na kufuta, na maji yanahama tu kutoka upande huu kwenda ule.

Kisha kuna mbeleko. Kanga ya pamba ukiifunga kifuani fundo linakaza, uzi unashikana na uzi, na mama anafika shambani au sokoni mtoto akiwa palepale mgongoni. Ile nyingine inateleza, kila mara inabidi usimame uifunge upya. Kwa ushungi nitavumilia, kwa mtoto siwezi. Na jikoni, tunaopikia mkaa na kuni tuwe waangalifu zaidi: pamba nayo inashika moto, lakini poliesta inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Joto la Dar, Tanga au Mombasa sina haja ya kulieleza. Aliyejifunga poliesta mchana wa Januari anajua jasho linavyobaki mwilini.

Kama huna hakika unachouziwa, usitegemee maneno ya karatasi iliyobandikwa. Doti ni vipande viwili ambavyo havijakatwa, na ncha zake hazijapindwa, kwa hiyo uzi unachomoka bila shida. Mwombe muuzaji akuruhusu uchomoe mmoja, utoke nje uuchome kwa kiberiti. Wa pamba unaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa poliesta unajikunja, unayeyuka, na kuacha kipunje cheusi kigumu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba pamba tunalima wenyewe. Simiyu na Shinyanga zinajulikana kwa hilo, ila sehemu kubwa ya mavuno inaondoka nchini ikiwa marobota, kabla haijawa uzi. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, kilikuwa kinafuma na kuchapa nguo za pamba hapahapa. Ninataka viwanda vya namna hiyo virudi kwa nguvu, na naamini havitarudi iwapo sisi wanunuzi tumeshazoea kitu kingine.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za harusi na za misiba, ndizo zinazonunua sare kwa wingi. Mkikaa kuchagua, msiangalie picha peke yake. Ulizeni kama ni pamba, chomeni uzi, na ikibidi ongezeni mchango kidogo. Shughuli ikiisha, wanawake wale wote watarudi nyumbani na kanga ya kuogea, ya kubebea mtoto, ya kulalia usiku wa joto, na ikichakaa kabisa itakatwa nepi.