Usukani wa Beetle Hufungwa Kuanzia Chini

Volkswagen Beetle ya zamani, ile ambayo wengi wetu tunaiita kobe, inapotoka gereji baada ya kufumuliwa na kufungwa upya, jambo la kwanza ambalo mwenye gari huonyeshwa ni usukani ulionyooka. Spoki zimekaa sawa, mwenye gari anafurahi, malipo yanafanyika. Mimi nashikilia kwamba usukani kunyooka peke yake hakuthibitishi chochote, na kwamba desturi ya kuuchomoa na kuuhamisha jino moja au mawili juu ya shafti yenye meno inayoubeba mpaka ukae sawa ni desturi mbaya ambayo tumeizoea mno.

Sababu imo ndani ya sanduku la usukani, ambalo mafundi hulitaja kwa jina la stelingi boksi. Katika Beetle nyingi za kuanzia miaka ya 1960, shafti yenye uzi mnene wa parafujo huzunguka na kusukuma rola, na rola hiyo ndiyo inayozungusha mkono unaovuta tairodi, yaani vyuma virefu vinavyogeuza magurudumu ya mbele. Vyuma hivi viwili vimechongwa kwa makusudi visibanane kwa kiwango kimoja kila mahali: vinakaribiana zaidi katikati, pale magurudumu yanapotazama mbele, na vinaachiana kadiri unavyokata kona. Ndiyo maana gari lililofungwa vizuri halina mchezo, yaani usukani kuzunguka bure kabla magurudumu hayajageuka, kwenye barabara iliyonyooka, ilhali ule mchezo mdogo unaojitokeza kwenye kona haumsumbui mtu.

Sasa fundi akifunga nguzo ya usukani, ile inayotoka kwenye usukani hadi kwenye sanduku, wakati sanduku limepita katikati yake, kisha akanyoosha usukani kwa kuhamisha meno, dereva atakwenda moja kwa moja huku sanduku likifanya kazi kwenye sehemu yake iliyolegea. Gari litayumba, nalo litahitaji kurekebishwa kila wakati. Mwenye gari atalalamika juu ya mchezo, na fundi atakaza skrubu ya kurekebishia iliyo kwenye sanduku mpaka mchezo uishe pale pale palipolegea. Hapo ndipo uharibifu hasa unapoanzia, kwa sababu kila usukani utakapozungushwa, rola italazimika kupita katikati, mahali ambapo pameshabana kupita kiasi, na chuma kitasaga chuma. Sanduku lililokuwa na uhai wa miaka mingi litakufa kwa sababu ya kazi iliyoonekana nadhifu.

Kwa hiyo kazi hii huanzia chini na kupanda juu, wala si kinyume chake. Kwanza hutafutwa katikati ya sanduku. Kwenye shafti ya sanduku la rola kuna pete yenye alama ambayo hulinganishwa na mstari ulio kwenye mwili wa sanduku; kama alama imefutika, tairodi zifunguliwe, shafti izungushwe kutoka mwisho wa upande mmoja hadi mwisho wa upande mwingine huku mizunguko ikihesabiwa, kisha irudishwe nusu ya hesabu hiyo. Magurudumu hunyooshwa kwa tairodi, sanduku likiwa limetulia katikati. Baada ya hapo ndipo nguzo hufungwa, na usukani huwa wa mwisho kabisa. Ikiwa baada ya kufanya alaimenti, yaani kupima na kulinganisha mwelekeo wa magurudumu, spoki bado zimeinama kidogo, dawa ni kurefusha tairodi ya upande mmoja na kufupisha ya upande wa pili kwa kiasi kilekile, na usukani wenyewe usiguswe.

Katika kuunganisha nguzo na sanduku kuna kitu kidogo ambacho napenda sana kukikagua. Kati ya shafti ya nguzo na shafti ya sanduku kuna kiungo cha mpira, kisahani kilichofungwa kwa bolti, ambacho kazi yake ni kumeza mtikisiko wa barabara usifike mikononi mwa dereva. Mpira haupitishi umeme, na honi ya Beetle hulia pale kitufe kinapounganisha waya wake na ethi, yaani chuma cha mwili wa gari. Kwa hiyo kuna waya mwembamba unaopita kwenye kiungo hicho na kuishia kwenye bolti ya upande wa sanduku. Waya huo ukisahaulika, au bolti yake ikifungwa juu ya rangi mbichi, honi haitalia, na watu watabadilisha honi, fyuzi na kitufe bila mafanikio. Kisahani chenyewe kikiwa na nyufa kibadilishwe bila mjadala, kwani hakuna kitu kingine kinachoyaunganisha mawazo ya dereva na magurudumu ya mbele.

Huko juu, swichi ya indiketa iwekwe katikati kabla ya usukani kushuka kwenye meno yake, la sivyo kijilimi cha kuirudisha indiketa kinaweza kuvunja plastiki ya swichi. Kati ya kitovu cha usukani na swichi ibaki nafasi ya milimita chache tu: nguzo ikishushwa mno, usukani utakwaruza, ikipandishwa mno, indiketa haitarudi yenyewe. Nati ya usukani kwa Beetle nyingi hukazwa kwa takribani Nm 50, kipimo ambacho hakikisiwi kwa mkono, kwa hiyo itumike spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Nyundo sitaki kuiona karibu na nguzo ya usukani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nguzo nyingi zilitengenezwa zijikunje wakati wa ajali ili zisimchome dereva kifuani, na anayegonga ncha ya shafti ili usukani uachie anaweza kuitumia kinga hiyo ndani ya gereji pasipo ajali yoyote. Usukani hutolewa kwa kuuvuta huku na huku, nati ikiwa imeachwa kwenye nyuzi zake za mwisho ili usije ukamrukia fundi usoni.

Nasikia mara nyingi kwamba kobe huyumba tu, ndivyo lilivyoumbwa. Siamini hivyo. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1962 likiendeshwa na Tommy Fjastad, kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki, na gari lisiloshika njia halimalizi mashindano ya namna ile. Wala siwalaumu mafundi peke yao. Kutafuta katikati ya sanduku na kufunga tairodi upya ni kazi ya saa nyingi, na sisi wenye magari hutoa fedha kwa furaha kwa ajili ya rangi na kromu, kisha tukapunguza bei ya kazi isiyoonekana. Anayelipwa ujira wa kunyoosha usukani atanyoosha usukani.

Unapokwenda kulichukua gari lako, omba linyanyuliwe upande wa mbele mpaka magurudumu yawe hewani, kisha zungusha usukani polepole kwa vidole viwili kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuna mahali utahisi uzito kidogo unapopita. Spoki zako zikiwa zimelala sawa hasa mahali hapo, mlipe fundi wako na umwongezee; zikiwa mbali na hapo, gari libaki gereji.