Mshindi wa Mchujo au Mtu wa Kuziba Pengo?

Malindi ni mji wa kandanda, lakini jimnastiki nayo ina wafuasi wake hapa, na uchache wao hauwapunguzii ubishi. Baadhi yao ni vijana wa sarakasi wanaotumbuiza katika hoteli za kuanzia Casuarina hadi Watamu, ambao humtazama Simone Biles, bingwa wa jimnastiki wa Marekani, kwa jicho la watu wanaojua goti huuma wapi mtu akitua vibaya. Wengine wamevutwa na Italia, kwa kuwa Kiitaliano katika mji huu husikika sokoni na ufukweni, na timu ya wanawake ya Italia ilipotwaa fedha jijini Paris mwaka 2024, ikiwa ni medali yake ya kwanza ya timu katika Olimpiki tangu 1928, kisha Alice D'Amato wa timu hiyo akachukua dhahabu ya boriti, kile kifaa chembamba ambacho mchezaji hupinduka juu yake, walikuwapo waliosherehekea kana kwamba binti huyo amezaliwa Shella.

Jambo linalowagawa ni uteuzi. Je, timu ya taifa ichaguliwe kwa kufuata matokeo ya mchujo, wa kwanza hadi wa tano, au kamati ipewe ruhusa ya kumruka wa nne na kumchukua wa nane, kwa sababu alama za huyo wa nane ndizo ambazo timu inazikosa? Mashindano ya dunia ya 2026 yamepangiwa Rotterdam na Olimpiki ya 2028 ni ya Los Angeles, kwa hiyo kila nchi yenye wachezaji wengi kuliko nafasi italazimika kulijibu swali hili upya.

Wanaosema mshindi aende wana hoja nyepesi kueleweka, na wepesi huo ndio nguvu yake. Mchujo uliandaliwa, watu wakaitwa, majaji wakaketi, alama zikatoka hadharani. Ikiwa baada ya hayo yote watu watano wanajifungia chumbani na kutoka na majina yasiyolingana na ubao wa matokeo, mchujo ulikuwa wa nini? Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye barazani husikilizwa kuliko wengi, huliweka hivi: mtoto aliyefanya mtihani akawa wa nne hawezi kuambiwa kwamba shule ilikuwa inatafuta wa nane.

Lakini mfumo wenyewe wa mashindano hauendi kama mtihani. Jijini Paris kila timu ilikuwa na watu watano. Katika hatua ya kufuzu, wanne walipanda kila kifaa na alama tatu bora zikahesabiwa. Katika fainali walipanda watatu tu, na alama zote tatu zikahesabiwa bila kufuta hata moja. Wanawake wana vifaa vinne, yaani kuruka, fito zisizolingana (mbili, moja juu kuliko nyingine), boriti na sakafu, kwa hiyo fainali nzima ya timu huamuliwa na maonyesho kumi na mawili. Jumla ya mchezaji katika vifaa vyote ina maana kubwa kwake binafsi, ila kwa timu yaweza kuwa na sehemu ambazo hazitatumika kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa kwanza anapata 13.3 katika kila kifaa, jumla 53.2. Wa pili anapata 14.9 kwenye fito na 12.5 kwingineko kote, jumla 52.4. Kwa mpangilio wa mchujo, wa kwanza yuko mbele na hakuna wa kubisha. Sasa tuseme timu tayari ina watatu wanaozidi 14 katika kuruka, boriti na sakafu, ila kwenye fito mtu wake wa tatu ana 13.4. Binti wa kwanza hawezi kuiongezea timu hii chochote, maana 13.3 yake haiingii popote. Wa pili anaongeza pointi moja na nusu, na katika mchezo ambao kuanguka kutoka kwenye kifaa hukatwa pointi moja, hicho si kiasi cha kupuuzwa.

Marekani ilikumbana na hali ya namna hii mwaka 2016. MyKayla Skinner alimaliza mchujo akiwa wa nne. Hakuchaguliwa, aliwekwa akiba. Nafasi zikaenda kwa Gabby Douglas, aliyekuwa wa saba, na Madison Kocian, aliyekuwa nyuma pia lakini alikuwa mmoja wa mabingwa wanne waliogawana dhahabu ya fito katika mashindano ya dunia ya 2015. Nguvu ya Skinner ilikuwa katika kuruka na sakafu, mahali ambapo timu ilikuwa tayari na Biles na Aly Raisman. Pengo lilikuwa kwenye fito. Katika fainali ya Rio, Douglas na Kocian walipanda fito peke yake, wakashuka, wakawaachia wenzao kazi iliyobaki. Kocian akaondoka Rio na fedha ya kifaa hicho pia.

Kuhusu Douglas, lawama zilikuwa kali zaidi, kwa sababu alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 2012 na ilionekana kwamba jina ndilo lililopita. Hata hivyo mtu huyo wa saba nyumbani alifika Rio akawa wa tatu duniani katika hatua ya kufuzu, akakosa fainali ya vifaa vyote kwa sababu tu kanuni inaruhusu wawili kutoka kila nchi na Wamarekani wawili walikuwa mbele yake. Kwa maoni yangu huu ndio ushahidi mzito zaidi wa upande wa kamati, kwa kuwa walimwona akiwa na siku mbaya na bado wakamsoma sawasawa.

Upande wa pili una jibu, nalo si dogo. Marekani ilishinda Rio kwa 184.897 dhidi ya 176.688 za Urusi, tofauti ya pointi zaidi ya nane. Kamati inayoshinda kwa kiasi hicho haiwezi kudai kwamba ushindi umethibitisha uteuzi wake, kwa kuwa hata Skinner angekuwamo, dhahabu isingekwenda kwingine. Kwa hiyo binti mmoja alinyimwa alichokipata uwanjani kwa ajili ya hesabu ambayo mwishowe haikuhitajika. Miaka mitano baadaye alifika Tokyo kwa nafasi ya mchezaji binafsi, na Biles alipojiondoa katika fainali ya kuruka, Skinner akaingia na kutwaa fedha. Mashabiki wake husimulia kisa hicho kana kwamba kinamaliza mjadala. Kinafurahisha, ila hakithibitishi lolote kuhusu timu ya 2016.

Tokyo yenyewe inafundisha zaidi kwa upande mwingine. Safari hiyo timu zilikuwa za watu wanne, na Marekani ilichukua wanne wa kwanza wa mchujo kama walivyofuatana: Biles, Sunisa Lee, Jordan Chiles na Grace McCallum. Katika fainali, Biles aliruka mara moja, akapoteza mwelekeo hewani, akajiondoa. Ndani ya muda mfupi Chiles, ambaye hakupangiwa fito wala boriti, akapanda vyote viwili, na Lee akabeba sakafu. Waliondoka na fedha, nyuma ya timu ya Warusi kwa pointi 3.432. Hapa ndipo mchezaji anayeweza kila kitu huonyesha thamani yake: hesabu za kabla ya safari zingemwona kama ziada, lakini siku ya siku yeye ndiye aliyekuwa na jibu. Timu iliyojengwa kwa wataalamu wa kifaa kimoja kimoja haina pa kushika mmoja akiumia.

Wanaume wa Paris waliyaweka mambo yote mawili katika jioni moja. Stephen Nedoroscik wa Marekani aliingizwa timuni kwa ajili ya kifaa kimoja cha wanaume, farasi wa vishikio, peke yake, na kabla ya michezo wengi waliona kwamba nafasi moja kati ya tano imetupwa kwa mtu atakayefanya kazi chini ya dakika moja. Alikaa zamu tano akiwatazama wenzake, akavua miwani, akapanda wa mwisho kabisa, akapata 14.866, na Marekani ikapata medali ya timu ya wanaume kwa mara ya kwanza tangu 2008. Jioni hiyohiyo China iliingia zamu ya mwisho ikiongoza kwa zaidi ya pointi tatu. Su Weide, aliyeletwa kuchukua nafasi ya Sun Wei aliyekuwa ameumia, alianguka mara mbili kutoka kwenye fito ya juu, kifaa cha wanaume chenye fito moja. Japani ikashinda kwa 0.532. Kila anguko lina pointi moja. Msomaji anaweza kumalizia mwenyewe. Mashabiki wa mshindi-aende huipenda habari hii na husema karatasi haiwezi kuanguka kutoka kwenye fito. Ni kweli, ila wanasahau kwamba Su hakuletwa na hesabu mbaya. Aliletwa na jeraha, na jeraha halichagui mfumo.

Vijana wa sarakasi wa hapa Malindi hawahitaji kwenda Paris ili kulielewa suala hili. Hoteli ikipiga simu na kusema malipo ni ya watu sita, kiongozi wa kundi hachagui sita wanaopinduka vizuri zaidi. Lazima apate wawili wa kusimama chini ya mnara, wenye mabega, wale wanaofunga kitambaa kilichokunjwa shingoni ili nyayo za wenzao zisiwachubue, na apate mwepesi mmoja wa kupanda kileleni. Nimemsikia kijana aliyeachwa akilalamika, "Kaka, mimi napinduka kumliko yule, mbona nabaki?" Akajibiwa, "Ndugu yangu, ukishapinduka nani atakudaka?" Jibu hilo ni sahihi kabisa. Lakini ni kiongozi huyohuyo ambaye, watalii wakipungua na kazi zikiwa chache, anaweza kumchukua binamu yake na kutuambia kwamba ana mabega.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka wanaoshikilia ubao wa mchujo. Mkenya amezoea kusikia kwamba kamati imetumia busara, na amejifunza kuuliza busara ya nani. Katika mbio tumeonja pande zote. Timu yetu ya marathoni huteuliwa bila mbio za mchujo. Kwa Paris, Eliud Kipchoge alikuwamo kwa historia yake kubwa, naye hakumaliza mbio, huku Benson Kipruto aliyeteuliwa kwa utaratibu huohuo akileta shaba. Marekani katika riadha hufuata ubao bila huruma: Athing Mu, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, alijikwaa katika mchujo wa 2024 na akabaki nyumbani. Hakuna aliyelalamikia upendeleo, na hakuna aliyedai kwamba timu iliyokwenda ilikuwa na nguvu zaidi bila yeye.

Tofauti ni kwamba marathoni na mita 800 ni kazi ya mtu mmoja. Fainali ya timu ya jimnastiki ya wanawake ni ya maonyesho kumi na mawili yanayojumlishwa, na hapo ndipo naegemea upande wa kamati, kwa sharti ambalo mashabiki wengi hulipitia haraka. Hesabu iwe inafahamika kabla ya mchujo: ni alama za siku zipi zitaingia, anguko litahesabiwaje, majeruhi atasubiriwa hadi lini. Na anayerukwa aonyeshwe kwa tarakimu nafasi yake ingeiongezea timu kiasi gani. Kamati ya 2016 ingeweza kumwonyesha Skinner hesabu hiyo bila aibu. Kamati inayoshindwa kufanya hivyo ina mabega ya binamu.

Sifa za zamani nazo zisiingizwe. Barazani kwetu kuna anayeamini kwamba Nadia Comăneci, mwanajimnastiki wa Romania wa Olimpiki ya Montreal 1976, mwenye kumi zake kamili, angeingia timu yoyote ya leo. Nikamjibu, "Mzee wangu, kwanza asingeruhusiwa mlangoni," kwa kuwa alikuwa na miaka 14 na kanuni za sasa zinataka mwanamke awe ametimiza 16 ndani ya mwaka wa mashindano.

Kinachonisumbua zaidi ni nafasi ya tano. Katika mchujo wa Minneapolis mwaka 2024, mshindi peke yake ndiye aliyehakikishiwa safari, na waliobaki waliachiwa kamati. Kamati hiyo yenye uhuru wote ikaishia kuwachukua wanawake watano wa kwanza, akiwemo Hezly Rivera wa miaka 16. Shilese Jones, mwenye medali za dunia za vifaa vyote za 2022 na 2023, alikuwa ameumia goti na aliweza kupanda fito tu, akaachwa. Katika fainali ya Paris, Rivera hakupanda kifaa chochote, na Marekani ikashinda kwa pointi zaidi ya tano. Kwa hesabu tupu, Jones wa fito peke yake pengine angekuwa na kazi zaidi. Kwa tahadhari, binti mzima anayeweza vifaa vyote alikuwa bima nzuri kuliko goti lenye shaka, hasa kwa timu iliyokumbuka vizuri kilichotokea Tokyo. Ningepiga kura ya Rivera. Ila tofauti ingekuwa nusu pointi badala ya tano, kama ilivyokuwa kwa China na Japani, ningempigia Jones, na Los Angeles, ambako medali ya timu mchanganyiko ya wanaume na wanawake imeongezwa, kamati italazimika kwanza kusema inamtafuta mtu wa tano kwa ajili ya medali ipi.