Jina la Mwanangu Lina Mwenyewe

Kosa ni langu. Mke wangu alipokaribia kujifungua, wanetu watatu walianza kununa. Kitindamimba, mwenye miaka 5, aliulizwa kama ana hamu ya kumwona mdogo wake. Akajibu, "Atalala wapi huyo?" Nikaona niwahi kabla hawajafanya mapinduzi. Nikawakusanya sebuleni, nikatangaza: jina la mtoto mtachagua nyinyi.

Nikasahau kwamba tunaishi Dodoma, na kwamba binti yangu mkubwa alikuwa juzi tu amepelekwa na shule kutazama Bunge. Jioni ile ile akavuta stuli, akajitanda kanga ya mama yake, akawa Spika. Mimi na mama yangu mzazi tukawekwa kochi la nyuma. Tukaambiwa hilo ni jukwaa la wageni, na wageni hawachangii.

Mama alikuwa amekuja kutoka Mvumi kumsubiri mjukuu, na jina alikuja nalo: Mazengo, mtemi wetu.

"Bibi, hilo si jina la shule?" akauliza wa kati.

Mama akawaka. Akaeleza kwamba shule ndiyo ilipewa jina la mtu, si mtu jina la shule, na kwamba hata majengo yenyewe siku hizi ni chuo kikuu cha St John's. Spika akamwambia muda wake umekwisha, akae.

Wa kati ana miaka 8, na hajapona tangu tumpandishe SGR kwenda Dar. Akapendekeza Mwendokasi. Kitindamimba akaleta Zabibu. Nikavunja kanuni nikamwambia Zabibu ni jina la kike, naye akataka kujua zabibu dume zinauzwa soko gani. Jukwaa la wageni likanyamaza.

Spika akaahirisha kikao. Wakaenda kunong'onezana nyuma ya simtanki, wakarudi na jina moja: Jasiri.

"Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki waseme siyo!"

Hata Mama akakosa cha kupinga. Hoja ikaamuliwa na kuafikiwa. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, maana watoto hawa hawajawahi kukubaliana zamu ya kuosha vyombo, leo wanakubaliana jina la mtu kwa dakika nne?

Mtoto akazaliwa Aprili, dume. Kitovu hakijadondoka, mimi nimeshafika ofisi ya kata. Cheti cha mtoto wa chini ya miaka 5 unapewa pale pale, bure, kimeandikwa kwa mkono. Nikakipiga picha, nikakirusha kwenye kundi la ukoo, nikapokea pongezi kama vile nimemzaa mimi.

Sasa, tulikuwa tumehamia Nkuhungu miezi miwili tu. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatoka alfajiri na kurudi giza limeingia, kwa hiyo jirani yetu, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, tulimjua kwa kumpungia mkono tu. Watoto ndio waliokuwa wakishinda kwake. Sikuwahi kujiuliza wanafuata nini.

Siku ya arobaini tukaita watu. Pilau ipo, mlenda upo kwa ajili ya wazee, na Mama kakaa chini ya mwarobaini na mjukuu mapajani, anamsifia kwa Kigogo. Ghafla, ng'ambo ya michongoma, sauti ya paredi:

"Jasiri! We Jasiri! Mwizi mkubwa! Tema hilo paja la kuku!"

Uwanja mzima ukaganda. Mama akamkumbatia mtoto.

"Nani huyo anamtukana mume wangu?"

Kabla sijajibu, michongoma ikatikisika, akatokea jibwa la rangi ya vumbi, paja mdomoni, mkia juu. Kitindamimba akaruka kwa furaha: "Bibi, ndiye huyu! Wa kwanza ndiye huyu!"

Mambo yakawa wazi. Mwaka mzima walikuwa wananiomba mbwa, na mimi nawajibu kwamba mbwa anakula kuliko mpangaji. Basi walipopewa nafasi ya kutoa jina, wakajipatia Jasiri wa kwao.

Jioni nikaenda kwa mzee kuomba ambadilishie mbwa jina. Alinisikiliza vizuri, tena kwa heshima.

"Kijana wangu, mbwa ana miaka minne. Mwanao ana siku arobaini. Hapo nani kamwiga mwenzie?"

Nikataja cheti. Akaingia ndani, akatoka na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Jina: Jasiri. Ina muhuri, na ni ya zamani kuliko cheti changu.

Nyumbani hali ikawa ngumu. Kila mke wangu akianza kubembeleza, "Jasiri, lala baba, lala," jibwa linakuja kujilaza mlangoni, linakoroma, wakati mtoto yuko macho makavu. Mama akarudi Mvumi akisema yeye mjukuu wake anaitwa Mazengo, huyo mwingine hamjui.

Mwishowe nikarudi kwa mzee na chupa mbili za mvinyo wa zabibu zetu za hapa hapa. Chupa ya kwanza ilipofika nusu, akalegea. Akasema atampa mbwa jina lingine, ila lazima liwe na hadhi ileile, asije akajiona kashushwa cheo.

Ilikuwa Juni, Bunge la bajeti halijaisha, na nyumba ya wageni iliyo mkabala na kwetu imejaa magari yenye vioo vyeusi. Jumapili asubuhi nikasikia sauti ya paredi ikipasua mtaa:

"Mheshimiwa! Mheshimiwa, rudisha kandambili za watu!"

Pale ghorofani, bwana mmoja wa makamo, bado kavaa taulo, alisimama kuongea na simu. Akainama taratibu, akaangalia miguuni kwake.